Tuoneshwe na Kilichofutwa

Katika maandiko ya watu wanaopima mitetemo ya ardhi kwa nyuzi za kioo, upo mchoro unaojirudia mno hadi umekuwa utanzu wenye kanuni zake. Una vidirisha viwili. Cha kushoto kimejaa mikwaruzo, madoa na mistari inayokatana. Cha kulia kimetulia, rangi zimepoa, na katikati limejitokeza umbo moja lililopinda ambalo ni tetemeko la ardhi. Juu ya kidirisha cha kwanza pameandikwa kabla, juu ya cha pili baada. Jicho linaanzia kushoto, linahamia kulia, na msomaji anakubali kwamba kelele zimeondoka na kilichobaki ndicho kweli.

Hoja yangu katika uhakiki huu ni kwamba fani ya mchoro huo inatunyima kitu cha msingi. Inatuonesha kilichobaki, haituoneshi kilichotolewa. Kwa anayeishi Arusha, chini ya Mlima Meru, na kaskazini-magharibi yake ukiwapo Ol Doinyo Lengai, jambo hili lina uzito. Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, mlipuko mdogo. Lengai ulilipuka kwa nguvu kuanzia Septemba 2007. Mtu atakayetaka kuisikiliza milima hii kwa mkongo wa nyuzi hizo atakutana na kelele nyingi kuliko milio ya mlima, na namna atakavyozichuja ndiyo itakayoamua kama atasikia alichokijia.

Kabla ya kuusoma mchoro, tuone unavyoandikwa. Mkongo wa kawaida, wa aina ileile inayobeba intaneti, hufungwa mashine kwenye ncha moja. Mashine inapeleka mapigo mafupi ya mwanga wa leza. Kioo cha uzi, hata kikitengenezwa kwa ustadi wa namna gani, kina dosari ndogondogo za asili, na kila dosari inarudisha chembe ya mwanga kule ulikotoka. Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mashine ikipima muda ambao mwangwi umetumia, inajua umetoka mita ya ngapi. Ardhi ikitikisika, uzi unavutika au unabanwa, na mawimbi ya mwanga unaorudi yanasogea kidogo. Kusogea huko ndiko kunakopimwa. Kipande cha mita 10 kikivutika kwa sehemu moja ya kumi ya maikromita, yaani pungufu sana ya unene wa unywele, mashine inaona badiliko kubwa na la wazi.

Faida yake ni kwamba uzi mzima unageuka safu ya vihisi. Mkongo wa kilomita 50 ukisomwa kila baada ya mita 5 unatoa vituo 10,000, na njiani kote hakuna betri, hakuna paneli ya jua ya kuibwa, hakuna kifaa cha kukarabati porini. Ndiyo maana wanajiolojia wa volkano wameukimbilia. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya mkongo wa simu wa kilomita 15 kwenye rasi ya Reykjanes, Iceland. Mwaka 2022 yakafuata ya Etna, ambako uzi ulifukiwa karibu na kilele ukanasa mitetemo ya volkano ambayo ni dhaifu mno. Kwetu, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL unapita Arusha na kuungana na Kenya pale Namanga. Kazi yake ni mawasiliano. Kwa ajili ya usomaji huu nitauchukua uzi wa kubuni wa kilomita 50 unaofuata barabara hiyohiyo: kutoka mjini, kupitia Ngaramtoni, kupanda Oldonyo Sambu, hadi tambarare za kuelekea Longido, ukiuzunguka Meru kwa upande wa magharibi.

Sasa tuusome mchoro wenyewe. Umbali umelazwa kutoka kushoto kwenda kulia, na wakati unashuka kutoka juu kwenda chini. Rangi ni nguvu ya mvutiko. Kanuni hizo mbili za mihimili zinazaa sarufi nzima. Kitu kisichohama kinaandika mstari wima, kwa kuwa kipo mahali pamoja muda wote. Kitu kinachohama kinaandika mstari wa mshazari, na kadiri kinavyokwenda mbio ndivyo mshazari unavyolala. Kitu kinachofika kila mahali kwa wakati mmoja kinaandika mstari uliolala kabisa, kutoka ukingo hadi ukingo. Anayeshika mambo haya matatu anaweza kuanza kusoma.

Lori linalokwenda Nairobi kwa kilomita 80 kwa saa linatembea mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo linaandika mshazari mrefu uliosimama, unaovuka mchoro wetu kwa zaidi ya nusu saa. Ukiusogelea mshazari huo utaona tabaka mbili. Ipo ile ya polepole, ambayo ni ardhi kubonyea chini ya magurudumu na kurudi. Juu yake ipo ya haraka, mawimbi yanayotoka kwenye tairi na kutawanyika mbele na nyuma ya gari. Daladala ya Ngaramtoni inaandika tofauti: mshazari mfupi, kisha wima, kisha mshazari, kisha wima. Ngazi. Kila wima ni kituo, na ndani ya wima hiyo injini inaendelea kutetemesha ardhi huku konda akipakia. Siku ya soko ngazi hizo zinabanana hadi kilomita nzima ya mkongo inakuwa zulia moja lisilosomeka. Kijito kinachoshuka kutoka Meru kinaandika utepe wa wima unaonenepa wakati wa masika na kukonda kiangazi. Mashine ya kusaga inaandika utepe wa wima mwembamba, wenye masafa yasiyobadilika, unaoanza ghafla na kukatika ghafla.

Hizo ni kelele za mazingira, na zote zina adabu ya kuonesha zinakotoka. Kelele za chombo chenyewe ni ngumu zaidi, na hapa ndipo fani inapokuwa tajiri.

Tazama kwanza ile mistari myembamba ya wima iliyotapakaa mchoro mzima, mingine myeupe, mingine ikiruka kutoka rangi moja hadi nyingine bila mantiki. Hapo hakuna kijito wala mashine ya kusaga. Ni vituo ambavyo miangwi kutoka dosari za kioo imekutana ikauana, mwanga ukakosekana, na mashine ikalazimika kupima kusogea kwa kitu kisichokuwepo. Namba inayotoka hapo haina maana yoyote, ila inaandikwa kwa rangi ileile ya namba nyingine. Dawa yake inajulikana: uzi usomwe kwa rangi kadhaa za mwanga zinazokaribiana, kwa sababu mahali ambapo rangi moja imezimika, nyingine kwa kawaida iko hai. Huu ni usafishaji wa haki. Unatoa kitu ambacho hakikuwa ishara tangu mwanzo.

Tazama pili upande wa kulia wa mchoro. Ni mbaya kuliko wa kushoto, na ubaya wake unaongezeka taratibu bila kujali kilichoko barabarani. Kioo bora kinapoteza takriban desibeli 0.2 kila kilomita. Mwanga unaokwenda kilomita 50 na kurudi unapoteza desibeli 20, maana yake katika sehemu 100 inarudi sehemu moja, na hiyo ni juu ya hasara kubwa ya kutawanyika kwenyewe. Mtu atasema tuongeze nguvu ya leza. Hilo lina mpaka. Mwanga ukizidi nguvu, kioo kinaanza kuubadilisha: sehemu inageuzwa na kurudishwa nyuma, sehemu inahamia masafa mengine, na kelele mpya inazaliwa palepale ulipotaka kuua ya zamani. Ukiweka vikuza mwanga njiani navyo vinatoa mwanga wao wenyewe usioombwa. Hata kasi ya kusoma ina ukomo. Kwenda na kurudi kilomita 50 kunachukua nusu ya milisekunde, na pigo la pili haliwezi kutumwa kabla la kwanza halijamaliza kurudi, la sivyo miangwi inachanganyika. Mapigo 2,000 kwa sekunde, basi. Ugumu wa kupima kwa mbali umeandikwa pale ukingoni kwa kulia, na mchoro mzuri hauukati ukingo huo.

Tatu, mistari iliyolala. Inavuka mchoro mzima kwa wakati mmoja, kilomita ya kwanza na ya hamsini pamoja. Chanzo chake ni leza ambayo masafa yake yameyumba kidogo, au mashine imeguswa, au mlango wa chumba cha mitambo umebamizwa. Kwa kuwa kila kituo kinasomwa kwa leza ileile na mashine ileile, kosa moja linajiandika vituo vyote. Njia inayotumiwa sana kuliondoa ni rahisi na ya kupendeza: katika kila nukta ya wakati chukua thamani ya kati ya vituo vyote, kisha itoe kwa kila kimoja. Kilichowapata wote kwa pamoja kinafutika, kilichompata mmoja kinabaki. Wengine hufunga karibu na mashine uzi wa marejeo, uliokingwa na mitikisiko, ili unachosema uzi huo kihesabiwe kuwa ni sauti ya chombo peke yake.

Hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu, kwa sababu njia hii ya thamani ya kati inahukumu kwa umbo tu. Inasema: kila kilicholala ni kosa la chombo. Na upo mtetemo wa kweli unaolala; huo ni ufanano wa kwanza kati ya kelele na ishara.

Tuchukue kipande kingine cha mkongo, nacho cha kubuni, chenye urefu wa kilomita 5 upande wa Manyara. Mwaka 2007 vipimo vya muda vilivyowekwa kaskazini mwa Tanzania vilionesha matetemeko yanayotokea chini sana katika eneo hilo, kina cha kilomita 20 hadi 35. Si kawaida ardhi yenye joto la bonde la ufa kupasuka chini kiasi hicho, na ndiyo maana yalivuta macho ya watafiti. Tuseme tetemeko la namna hiyo linatokea kilomita 25 moja kwa moja chini ya katikati ya kipande chetu. Njia ya wimbi kwenda katikati ni kilomita 25, na njia ya kwenda kwenye ncha ni kilomita 25 na takriban mita 125. Tofauti ya mita 125 wimbi linaimaliza kwa karibu sehemu mbili za mia za sekunde. Kwenye mchoro wa dakika kumi, tofauti hiyo haionekani. Tetemeko litaandika mstari uliolala, na kichujio kitaufuta pamoja na kelele za leza, kwa nia njema kabisa.

Tena uzi uliolala ardhini haulisikii vizuri wimbi linalopanda wima, kwa sababu unapima mvutiko wa kando ya urefu wake, na wimbi hilo haliuvuti sana kwa upande huo. Kidogo kilichonaswa ndicho kinachofutwa. Kidirisha cha baada kitatoka safi, kizuri, na tupu.

Linganisha na tetemeko la karibu lisilo na kina kikubwa, lile ambalo wachoraji hupenda kulitumia. Linaanza pale mkongo ulipo karibu zaidi na kitovu, kisha linafunguka pande zote mbili na kushuka, na nyuma yake linafuata umbo la pili, lililochongoka zaidi, la mawimbi yaendayo polepole. Umbo hilo halifanani na leza, halifanani na lori, halifanani na kijito. Linaokoka katika kila kichujio. Kwa hiyo mfano unaochaguliwa kuthibitisha kwamba kichujio ni kizuri, mara nyingi ndio mfano ambao usingeweza kushindwa. Hili ni kosa la utunzi, na ninalitaja kwa ukali kwa kuwa linajirudia.

Ufanano wa pili ni wa mambo ya polepole. Joto likibadilika, kioo kinabadilika. Uzi ukipata joto kwa sehemu moja ya elfu ya nyuzijoto moja, kipimo kinasogea karibu sawa na ule mvutiko wa sehemu moja ya kumi ya maikromita katika mita 10 niliotaja. Sehemu moja ya elfu! Jua la asubuhi likitoka nyuma ya Meru, uzi uliolazwa juujuu unapokea maelfu ya kiasi hicho. Kuufukia mita moja kunasaidia sana, kwa maana joto la mchana halifiki huko kwa nguvu, lakini lile la majira linafika. Kwa hiyo watu wengi huchukua njia ya mkato: wanafuta kila kinachokwenda taratibu kuliko mzunguko mmoja kwa sekunde kadhaa, wanabaki na mitetemo ya haraka. Mchoro unatulia papo hapo.

Basi tukumbuke Julai 2007. Mlima Gelai, jirani ya Lengai kusini mwa Ziwa Natron, ulianza kutikisika. Tarehe 17 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.9, na watu wa Arusha na Nairobi walilisikia. Waliochambua picha za rada za setilaiti waligundua kwamba matetemeko yalikuwa sehemu ndogo tu ya habari. Ufa ulikuwa umeteleza kimyakimya, bila kupiga mtetemo unaolingana na mwendo wake, kisha magma ikapenya ardhini na kupanua mpasuko kwa karibu mita 2. Mapema Septemba Lengai ukalipuka. Sura kubwa ya tukio lile, ile iliyotangulia mlipuko, ilikwenda polepole. Mkongo uliosafishwa kwa kufuta mambo ya polepole ungetuletea orodha ndefu ya matetemeko na kuiacha hiyo sura nje.

Wanaopima kwa setilaiti za kuonesha mahali wamelielewa jambo hili kitambo. Mtandao wa TZVOLCANO, unaovishirikisha Chuo Kikuu cha Ardhi na Virginia Tech ya Marekani, umekuwa ukisoma mwendo wa Lengai tangu 2016, na umetoa ushahidi kwamba mlima ulivimba mwaka 2022, kuanzia mwezi Machi. Ni mwendo mdogo, uliotolewa ndani ya data yenye kelele za angahewa na za mizunguko ya setilaiti, na ulitoka kwa sababu walioisafisha data walijua wanachofuata ni cha polepole. Iceland nako, kwenye machafuko ya volkano karibu na Grindavík yaliyoanza mwishoni mwa 2023, mkongo wa kilomita 100 ulifaa kuifuatilia magma hasa kwa sababu wataalamu waliitunza ile sehemu ya taratibu ambayo wengi huitupa.

Ufanano wa tatu nitaupita haraka, ingawa unahitaji macho. Volkano hutoa mtetemo mrefu usiokatika, wenye masafa yanayokaribia kuwa thabiti. Lengai nao hutoa: kati ya 2019 na 2020 vipimo vya watafiti wa Chuo Kikuu cha Goethe, Frankfurt, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam viliunasa. Kwenye mchoro, mtetemo huo na mashine ya kusaga ni ndugu. Vyote ni utepe wa muda mrefu wenye mlio mmoja. Unachoweza kutegemea ni upana: mashine inafifia ndani ya mita mia chache, ilhali mlima unasikika kilomita nyingi. Kichujio kinachofuta masafa fulani bila kuuliza upana kitavichukua vyote.

Sasa, zipo njia zinazonipa moyo, na moja naipenda kuliko nyingine kwa uaminifu wa umbo lake. Watafiti wa Bristol, wakitumia data ya barafu ya Rutford kule Antaktika, walizisoma nyuzi mbili zilizomo ndani ya ganda moja la mkongo. Ardhi inazitikisa zote mbili kwa namna moja, kwa kuwa zimelala pamoja. Lakini kelele za ndani ya kila uzi, zile za miangwi iliyouana na za mwanga hafifu, ni za uzi huo peke yake. Waliifundisha kompyuta kukisia kisemwacho na uzi mmoja kutokana na mwenzake. Kompyuta haiwezi kukisia kelele za mwenzake, kwa hiyo inajifunza kuziacha, na kilichobaki ni kile ambacho nyuzi zote mbili zimekishuhudia. Njia hii haimtaki mtu aichoree kompyuta umbo la tetemeko mapema. Haiamui kwamba ishara lazima ipinde hivi au ilale vile. Mikongo ya simu huwa na nyuzi nyingi ndani ya ganda moja, hivyo uzi wa pili mara nyingi upo tayari.

Njia hii nayo ina mwisho wake, na ni vizuri tuuone. Nyuzi mbili zinashiriki lori, zinashiriki jua, zinashiriki soko la Ngaramtoni. Vyote hivyo vinabaki. Hali ni hiyohiyo kwa programu zinazokisia kituo kimoja kutokana na majirani zake: lori linakisika vizuri mno, kwa hiyo linahesabiwa kuwa ishara. Hata kujumlisha vituo, ambako vituo 100 vinapunguza kelele mara 10, kunatimia endapo tu kelele za kila kituo ni zake mwenyewe. Programu hizi zinajua kilicho na mpangilio na kisicho na mpangilio. Kilicho na faida na kisicho na faida hazikijui, na hazina pa kukijulia.

Faida inategemea nani anasoma. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kenya, ukilishirikisha shirika la Save the Elephants, ulioonesha kwamba hatua na miungurumo ya tembo hutambulika kwa mitetemo ya ardhi. Msitu wa Meru una tembo. Kwa mhifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mshazari mdogo wa mnyama anayeshuka usiku kuelekea mashambani ni habari ya kuamshia watu. Kwa mtu wa volkano ni uchafu. Kando ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani umepangwa mkongo wa nyuzi, na mlinzi wa bomba anamtafuta mtu anayechimba, yuleyule ambaye mtaalamu wa matetemeko anamfuta bila kumtazama mara mbili. Mhandisi wa barabara angezipenda zile ngazi za daladala kuliko kitu kingine chochote kwenye mchoro. Kidirisha cha baada, kikiwa peke yake, kinajifanya kana kwamba wasomaji hawa hawapo.

Nirudi kwenye fani. Kuna hila mbili ndogo za uchoraji ambazo msomaji wa Kiswahili, mwanafunzi wa uzamili pale Taasisi ya Nelson Mandela au mwalimu wa Chuo cha Ufundi Arusha, anapaswa kuzikagua kabla hajakubali lolote. Ya kwanza ni kusawazisha kila kituo kwa nguvu yake mwenyewe. Ukifanya hivyo, kituo dhaifu cha kilomita ya 48 kinapata rangi sawa na kituo imara cha kilomita ya 2, na udhaifu wa umbali unafichwa chini ya rangi. Ya pili ni kubadilisha kipimo cha rangi kati ya kabla na baada. Rangi ikipunguzwa ukali upande wa kulia, hata data isiyoguswa itaonekana imesafika. Tafuta mhimili wa rangi. Kama haupo, au kama namba zake hazilingani pande zote mbili, mchoro huo haujathibitisha kitu.

Dawa ya vidirisha viwili ni cha tatu. Chukua kabla, toa baada, chora tofauti kwa rangi zilezile. Hicho ndicho kilichofutwa. Katika kidirisha hicho msomaji atafute maumbo. Akiona mistari iliyolala isiyo na mwanzo, michirizi ya wima ya miangwi iliyozimika, na vumbi lisilo na mpangilio, kichujio kimefanya kazi yake. Akiona hata kivuli cha umbo lililopinda, kichujio kimekula tetemeko, na kilichobaki upande wa baada ni tetemeko lililopunguzwa ambalo ukubwa wake hautahesabika sawasawa. Wachambuzi wa mitetemo ya utafutaji mafuta hufanya ukaguzi huu miaka na miaka. Hauna gharama. Ni hesabu ya kutoa.

Gharama iko kwenye kutunza, na bila kutunza kidirisha cha tatu hakiwezi kuchorwa upya na mtu mwingine. Mkongo wetu wa vituo 10,000, ukisomwa mara 500 kwa sekunde na kila namba ikichukua baiti 4, unatoa megabaiti 20 kila sekunde, yaani takriban terabaiti 1.7 kwa siku moja. Hakuna chuo chetu kitakachobeba hiyo kwa mwaka mzima, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia cha kutunza iliyosafishwa na kuitupa ghafi. Ipo njia ya katikati. Ukitunza namba moja kwa sekunde kwa kila kituo, baada ya kuilainisha ipasavyo, unapata gigabaiti 3.5 kwa siku, mzigo ambao diski ya kawaida inaubeba kwa miezi, na sehemu yote ya polepole, ile ya Gelai, inabaki. Kisha data ghafi itunzwe kamili kwa saa zinazozunguka kila tukio, na kwa siku kadhaa za kawaida zisizo na tukio, kiangazi na masika, siku ya soko na siku ya mapumziko, ili anayekuja baadaye ajue kelele za Meru zilikuwaje kabla hajaanza kuzipunguza.

Kwa hiyo ombi langu kwa watakaofunga mashine kwenye mkongo katika ukanda huu, iwe ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iwe ni vyuo vya Arusha na Dar es Salaam au wageni watakaoshirikiana navyo: pimeni kelele kwanza kwa majira mazima, andikeni kila kichujio mlichotumia na kwa mpangilio gani, na kila mnapochapisha kabla na baada, chapisheni na tofauti yake.